Ukiona nyekundu na kijani pamoja

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunajua ndakala wakiwa kwenye gunia sokoni, au kando ya bukari nyumbani. Mimi nimewafuata kwa miaka mingi hadi Moba, kwenye ziwa Tanganyika. Mwaka huu binti yangu wa miaka 20 ameanza kwenda mahali pangu. Kabla ya kumpa falanga za mtaji nilimkalisha chini, nikamwambia: mwanangu, kule majini usidhani mwenye chombo kikubwa amekuona.

Karibu na pwani kuna msongamano kama njia ya soko. Mitumbwi ya makasia, mitumbwi ya tanga, baleniere za mbao zenye motere na bato za mizigo, zote zinapita maji yale yale. Usiku wavuvi wa ndakala wanawasha taa na kukaa hapo hapo, na baleniere zinapita katikati yao zikiwa zimejaa watu. Tena mahali pengi hakuna bandari. Mtumbwi ndio unaopeleka abiria kwenye bato. Hata Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilipokea watu namna hiyo miaka mingi kwenye vijiji vya upande wa Tanzania.

Baharini kuna kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana. Kwa kawaida chombo cha motere kinapaswa kukipisha cha tanga. Lakini katika njia nyembamba, chombo cha tanga kisiizuie meli isiyoweza kupita pengine. Sababu yake mtu yeyote anaielewa: meli nzito, hata motere ikizimwa, inaendelea kwenda mbali kabla ya kusimama. Na tanga haliwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Kwa hiyo kila mmoja aanze kukwepa mapema, maana haki ya kupita haimwokoi mtu aliyekwisha kuanguka majini.

Haya ndiyo niliyomfundisha binti yangu.

Mchana, ukiona bato inakuja, kaa bila kusogea, uilinganishe na kitu cha mtumbwi wako, kama mlingoti. Ikibaki hapo hapo huku inazidi kuwa kubwa, mnaelekea kugongana.

Usiku, meli ina taa nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Ukiona moja tu, unaona ubavu wake. Ukiona zote mbili pamoja, inakuja juu yako. Washa torshi, piga filimbi, mwambie nahodha.

Wakati wa kupanda kutoka mtumbwini, ngoja bato isimame kabisa. Msisimame wote upande mmoja. Mtoto apokelewe kwanza, mizigo baadaye.

Najua mtasema, mwanamke atamwambiaje nahodha kazi yake? Usiku mmoja karibu na Moba niliona zile taa mbili pamoja. Nahodha wetu alikuwa anazungumza na watu wa nyuma. Nilimwambia, “Baba, angalia mbele.” Alinuna, lakini aligeuza. Bato ilipita karibu, na mawimbi yake yakaingia ndani tukaanza kuchota maji kwa sufuria. Asubuhi hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na adabu.

Ziwa hili halina mchezo. Desemba 2014 bato Mutambala ilizama humo, wakafa watu zaidi ya 120. Upepo peke yake unatosha kutuua, tusiuongezee ajali za kugongana.

Ndiyo maana naleta ombi kwenye mkutano wetu. Kila anayepokea likelemba atoe kidogo, tununue jile za kuokolea, za wakubwa na za watoto, pamoja na filimbi na torshi. Vitakuwa mali ya kikundi. Anayesafiri kwenda Moba, Kalemie, Kilwa au Kasenga ataviazima na kuvirudisha. Wenye mabinti wanaoanza biashara hii waje nao, nitawachorea zile taa mbili kwa chaki ubaoni.