Kitatuzi na Uzao wa Ngamia

Aghalabu watu hudhani kwamba programu ya kompyuta ikikosea, aliyeiandika huisoma tu hadi akalibaini kosa. La hasha. Programu hukimbia mno, na ndiyo maana hutumiwa kitatuzi, yaani programu nyingine inayoisimamisha ya kwanza katikati ya safari na kuchungulia imebeba nini. Kabla ya lami kukamilika hadi Moyale katika miaka ya 2010, abiria waliotoka Isiolo kwenda kaskazini walizoea kusimamishwa kizuizini, wakakaguliwa, kisha wakaachwa waendelee. Kitatuzi hufanya vivyo hivyo. Kile mashuhuri, GDB, kiliandikwa na Richard Stallman mwaka 1986 na kingali kinatumika.

Kijana mmoja wa Bula Pesa, mjini Isiolo, hakukitumia hicho. Alikuwa na kitatuzi kidogo kilichoandikwa na wanafunzi waliomtangulia chuoni, naye alitaka kukielewa chote. Kazi aliyokipa haikuwa ya mchezo. Mjomba wake, mfugaji wa Kigabra, alikuwa amemwazima rafiki ngamia jike miaka mingi iliyopita. Kwa desturi, uzao wa kike wa ngamia huyo hubaki mali ya mwenyewe. Rafiki alipofariki, pakahitajika hesabu. Kijana akaandika fanksheni, yaani fungu la maagizo lenye jina lake, inayomhesabu ngamia kisha ikajiita yenyewe kwa kila binti yake. Jibu likawa 11. Mjomba akasema ni 12.

Katika kuifuata programu hatua kwa hatua, mtu huweza kuingia ndani ya fanksheni inayoitwa, au kuiruka: aiache imalize kazi yake na aipokee inaporudi. Ili kuiruka, kitatuzi huweka kituo cha muda mahali pa kurejea. Katika vichakataji vya jamii ya x86 kituo hicho ni baiti moja tu, CC, inayopachikwa juu ya agizo halisi na kuondolewa baadaye. Tatizo ni kwamba fanksheni inayojiita hurejea palepale, iwe inamhesabu binti au kitukuu. Kijana aliamuru hesabu ya binti wa kwanza irukwe; kitatuzi kikasimama kana kwamba imekwisha, kumbe kingali kwa wajukuu. Jumla ikaonekana ndogo, na mstari usio na hatia ukashukiwa siku mbili nzima. Dawa ilikuwa fupi. Kitatuzi kikifika kituoni, kwanza kitazame rejista inayoonyesha kilele cha rundo la miito. Rundo hilo hukua kuelekea chini. Basi anwani ikiwa ndogo kuliko inayotarajiwa, aliyefika ni mjukuu, aachwe apite.

Neno rejista lisimpoteze msomaji. Si daftari la mwalimu la kuita majina. Ni nafasi ndogo ndani ya kichakataji, na katika x86-64 zile za matumizi ya jumla ni 16 tu. Kwa uchache huo fanksheni hupokezana. Kwa mapatano yanayofuatwa katika Linux, inayotaka kuitumia rejista iitwayo rbx sharti iweke akiba thamani iliyoikuta humo, na iirudishe kabla ya kuondoka. Kitatuzi hakikuijua adabu hiyo. Kilipoulizwa jumla ya mama kilisoma rbx ya wakati ule, iliyokuwa ya mjukuu, badala ya kwenda rundoni kutafuta akiba. Marekebisho haya yalichukua wiki tatu, kwani mahali pa akiba hutofautiana kati ya fanksheni na fanksheni, na kitatuzi kilibidi kifundishwe kusoma maelezo yanayoachwa na programu inayotafsiri maandishi kuwa maagizo ya mashine.

Baada ya hapo kitatuzi kilisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa chungu: programu haikuwa na kosa. Katika orodha iliyoandikwa na mmoja wa warithi, ndama wa mwisho alitiwa herufi D ya dume mahali pa J ya jike. Kijana alimwonyesha mjomba kwa hasira.

“Mpwa wangu,” mzee akamwambia, “usiseme wameiba. Waulize kwanza ndama huyo ana rangi gani.”

Kijana akatoka nje kupiga simu.