Askari wa Getini na Mwenye Nyumba

Kila wadogo zetu wa mwaka wa pili wanapofika kwenye zoezi la Apache na Tomcat, swali ni lile lile: kwa nini seva mbili wakati moja inatosha? Tomcat si inajibu yenyewe? Unaandika anwani, unaongeza 8080 mwishoni, ukurasa unafunguka. Sasa Apache ya nini?

Swali ni la haki. Jibu lililomo kwenye madesa ni "usalama na kasi", basi. Ukiliandika kwenye mtihani unapata alama zako. Ukiwa peke yako mbele ya mashine saa mbili usiku, halikusaidii kitu. Mimi nililielewa nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika ofisi ambayo sitaitaja, kupitia mfumo ambao watu wengi wa kwetu hawajui hata jina lake.

Kwetu ni Kisaka, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Dada yangu ni muuguzi wa zahanati upande huo. Kila mwisho wa mwezi anakaa na vitabu vya MTUHA na kuhesabu kwa kalamu: wagonjwa wa nje, wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa. Fomu zinakwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya, na huko takwimu zinaingizwa kwenye DHIS2. Taarifa isipoingia, kwa anayetazama kutoka mkoani au wizarani zahanati ile inaonekana haijaripoti, hata kama dada yangu hakulala. Aliwahi kuniuliza, "Mdogo wangu, wakisema mfumo uko chini, uko chini ya nini?"

DHIS2 ni programu huria. Uendelezaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ingawa mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamehusika nayo kwa muda mrefu. Imeandikwa kwa Java. Inaishi ndani ya Tomcat, data zake ziko PostgreSQL, na mbele yake watu huweka Nginx au Apache.

Hapo ndipo jibu la wadogo zetu linapoanza. Kwenye Linux, kwa kawaida poti zilizo chini ya 1024 hufunguliwa na mtumiaji mkuu tu, na brauza zinagonga 80 na 443. Kuendesha programu nzima ya Java kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu ni kumpa mgeni funguo za nyumba yote. Apache inafungua poti kwa mamlaka hayo, kisha kazi ya kuhudumia wageni inaifanya kwa mtumiaji mdogo. Inatunza vyeti vya HTTPS mahali pamoja. Na Tomcat ikizimwa kwa matengenezo (DHIS2 haiamki haraka, jamani), Apache inaweza kumwambia mtu asubiri badala ya kumwachia ukurasa mtupu.

Ofisi ile ilikuwa na nakala ya kujifunzia tu, yenye takwimu za kubuni. Jumatatu walikuwa wanakuja waingiza takwimu kutoka wilayani, wengine kwa basi la usiku. Ijumaa jioni nakala ikagoma. Ukurasa wa kuingilia unafunguka vizuri kwa https. Ukiandika nywila, brauza inapelekwa kwenye anwani ile ile, lakini inayoanza na http bila s. Poti 80 ilikuwa imefungwa. Unabaki unatazama kiduara kinazunguka.

Fundi wa mtandao akasema Apache iko sawa, na logi yake ilimuunga mkono. Mwandishi wa programu akasema Tomcat iko sawa, akatuonyesha: ukiigonga 8080 ukiwa ndani ya mashine yenyewe, unaingia bila shida. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndiyo maana mabishano yalifika saa mbili.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Apache inapokea bahasha iliyofungwa kwa HTTPS, inaifungua, kisha inaipelekea Tomcat barua wazi kwa HTTP. Tomcat inaona barua wazi, inaamini imesafiri hivyo tangu mwanzo, na anwani inazotunga zinaanza na http. Zaidi ya hapo, kila mgeni kwake anatoka 127.0.0.1. Ni kama askari wa getini anayeingia mwenyewe kubisha hodi kwa niaba ya kila mgeni: kitabu cha mwenye nyumba kina jina la askari mara mia.

ProxyPassReverse ilikuwepo, lakini inasahihisha tu anwani zinazofanana na ile ya nyuma, yaani localhost:8080. Kwa kuwa ProxyPreserveHost nayo ilikuwa imewashwa, Tomcat ilikuwa inatumia jina halisi la tovuti, kwa hiyo hakukuwa na cha kusahihisha. Jina ililijua, kufuli haikulijua.

Mwenzangu wa mafunzo alitoa madesa ya kaka yake: tumia mod_jk, poti 8009, itifaki ya AJP. Wazo halikuwa la kijinga, kwa sababu AJP hubeba yenyewe habari za HTTPS na anwani ya mgeni. Ila madesa yale yaliandikwa kabla ya Februari 2020, ulipotangazwa udhaifu wa Ghostcat: aliyeweza kuifikia 8009 aliweza kusoma mafaili ya ndani ya programu, hata yenye nywila. Tangu toleo la 9.0.31 Tomcat inakuja AJP ikiwa imezimwa, na ukiiwasha inadai neno la siri. Anayefuata hatua za zamani neno kwa neno anagonga mlango ambao haupo.

Tukabaki na HTTP. Upande wa Apache tuliongeza mstari mmoja, RequestHeader set X-Forwarded-Proto "https". Kwenye server.xml tukaweka RemoteIpValve, ili Tomcat isome ujumbe huo pamoja na anwani ya mgeni, ambayo Apache huituma bila kuombwa. Kisha tukaandika address="127.0.0.1" kwenye Connector ya 8080. Hili la tatu watu huliruka, na kwangu ndilo kubwa: Tomcat ikisikiliza dunia nzima, mtu anapita nyuma ya geti.

Saa tatu kasoro mfumo ukafunguka. Fundi alichapa mistari ile mitatu, akaibandika nyuma ya mlango wa chumba cha seva, juu ya ratiba ya zamu za usafi.