Umeneja si Lelemama

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka kombe la ubingwa wa mpira wa vikapu, na mvungu wenyewe ulikuwa mbali ajabu: Pittsburgh, kule Marekani. Usishangae. Ndege naiona ikipita juu tu, na kimo nacho Mola hakunijalia. Katika uwanja wetu wa shule mimi ndiye wa kukimbilia mpira unaporuka ua. Hata hivyo, tangu likizo ya Desemba iliyopita mimi ni meneja kamili, mwenye wachezaji 15, bajeti, na tajiri anayenikodolea macho kutwa kucha.

Mchezo wenyewe unaitwa Basketball GM. Aliyeutunga ni Mmarekani, Jeremy Scheff, nao huchezwa ndani ya kivinjari cha intaneti. Hulipi hata ndururu. Usidhani ni ile michezo ya video ya kubonyeza vitufe mpaka vidole viote sugu. Humu hurushi mpira hata mara moja. Unachokiona ni majedwali tu: majina, umri, mishahara na namba. Kompyuta ndiyo inayocheza mechi. Kazi yako ni kuamua nani asajiliwe, nani auzwe, nani aanze, na tiketi iuzwe dola ngapi. Katika ligi yangu wachezaji wenyewe si watu wa kweli. Kompyuta huwabuni, ikawapa majina na umri. Msimu mzima wa mechi 82 unaweza kwisha kabla hujamaliza andazi lako.

Nyumbani hatuna kompyuta, kwa hivyo makao makuu ya timu yangu ni saiba moja karibu na steji. Dakika moja ni shilingi moja, nami kila Jumamosi huwa na shilingi 30. Piga hesabu mwenyewe. Katika dakika 30 huwezi kukaa ukikuna kichwa, saa nayo inakimbia kama swara. Ndiyo maana nina daftari. Jumamosi nanakili namba za wachezaji wangu, kisha wiki nzima, nikiwa njiani kuja shuleni na kurudi, nafikiria. Nikifika saiba, uamuzi uko tayari.

Jambo moja ujue mapema, wewe unayetaka kuanza. Timu yako huhifadhiwa ndani ya kivinjari cha mashine ile ile uliyoanzia. Ukihamia mashine ya pili hutaikuta. Mimi tangu siku ya kwanza huitoa ligi yangu yote kama faili na kuitia kwenye flashi ya dada yangu. Siku moja mwenye saiba alisafisha mashine namba 4, akafuta kila kitu. Wenzangu wawili walilia na kusaga meno. Mimi nilichomeka flashi, nikaendelea.

Ligi ina timu 30. Vijana wengi wa mtaani kwetu hukimbilia New York au Los Angeles, kwa sababu mji wenye watu wengi huleta mashabiki wengi na pesa nyingi. Mimi nilichagua Pittsburgh, mmojawapo wa miji midogo ya ligi. Ati kwa nini? Sisi wa shule za kutwa tunajua maana ya kuanza na kidogo. Nilitaka kuona kama timu kama hiyo inaweza kufika.

Sasa tuingie jikoni. Kila mchezaji ana namba mbili kubwa. Ya kwanza ni kiwango chake cha leo, ya pili ni kiwango anachotarajiwa kufikia. Zote ni kati ya 0 na 100. Usidhani 50 ni aibu kama kwenye karatasi ya hisabati. Humu mwenye 45 anapata nafasi kwenye benchi, anayekaribia 60 anaanza mechi, na aliyepita 70 ni nyota wa kuombewa dua. Kando ya majina ya wengine kuna vijiherufi vinavyoonyesha ufundi: huyu ni mpiga pasi, yule mdunguaji wa mbali, yule mwingine mnyakuzi wa mipira inayorudi. Kumbe ufundi huo husaidiana. Wadunguaji watano wasio na mpiga pasi ni kama sufuria tano zisizo na moto.

Juu yako yuko tajiri wa timu. Huyu ana macho matatu: jicho la ushindi, jicho la kufuzu kwa mechi za mtoano, na jicho la pesa. Mwanzoni anakuvumilia kama mgeni. Misimu michache ikipita naye bado amenuna, unapigwa kalamu. Mwenzangu mmoja alichukua Los Angeles, akanunua nyota watatu wenye miaka 31 na 32, kila mmoja kwa mkataba mrefu. Mwaka wa kwanza alitamba sana, hata salamu zetu alikuwa hazipokei. Wachezaji wakipita miaka 30 huanza kuporomoka polepole, lakini mishahara yao haiporomoki. Isitoshe, kuna kodi ya anasa: kila dola inayovuka mpaka uliowekwa, unatozwa dola moja na nusu. Hazina ikakauka, nyota wakazeeka, tajiri akamwonyesha mlango. Waama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilipofika Pittsburgh nilimkuta mchezaji mmoja niliyembandika jina la Mzee wa Kazi. Alikuwa na miaka 32 na kiwango cha 68. Ndiye aliyekuwa akiibeba timu mgongoni. Msimu wa kwanza tulishinda mechi 37, tukashindwa 45. Hapo ndipo palipo na mtego, ndugu yangu. Timu kama hiyo haiendi kwenye mtoano, na pia si mbovu kiasi cha kupata nafasi za mbele katika uteuzi wa chipukizi, ambapo walioshika mkia ndio hupewa nafasi nzuri zaidi. Unabaki katikati mwaka nenda mwaka rudi, kama gari lililokwama kwenye matope.

Wiki nzima nilitembea na daftari nikimwangalia Mzee wa Kazi. Akikaa, tutashinda 37 tena, labda 35. Akienda, tutaumia sasa ili tupone baadaye. Jumamosi ilipofika niliitafuta timu iliyokuwa ikiwinda ubingwa, nikamweka mezani. Kuna kitufe cha kuiuliza timu nyingine ni nini kingeifanya ikubali, nayo inakujibu bila kuzungusha. Nikapata kijana wa miaka 20 na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya uteuzi. Mzee wa Kazi akaenda zake. Msimu uliofuata alitwaa ubingwa huko alikokwenda, nasi tukashinda mechi 24 tu. Walahi nilimfurahia, ijapokuwa tajiri wangu alikuwa amekunja uso kama mtu aliyelamba ndimu.

Kisha ukaja uteuzi. Chipukizi 60 huchaguliwa kwa raundi mbili, wengi wao wakiwa na miaka 19 hadi 22. Hata namba zao zenyewe zina ukungu: unachokiona si kiwango chao kamili, ni makadirio ya maskauti wako, na usipowalipa maskauti vizuri, ukungu huzidi. Katika raundi ya kwanza nilimchukua kijana wa miaka 19 mwenye 45 leo na 72 baadaye. Saiba nzima ilinipigia makofi. Katika raundi ya pili nikamchukua mmoja wa miaka 22, mwenye 41 na 48, kwa sababu tu alikuwa mpiga pasi na sikuwa naye. Huyo hakuna aliyemtazama mara mbili.

Namba hubadilika mara moja kwa mwaka, mechi za mtoano zikishaisha. Mwaka wa kwanza kijana wa 72 alipanda hadi 47. Mwaka wa pili 49. Mwaka wa tatu alibaki 49 pale pale, na ile 72 yake ikawa 58. Na yule wa raundi ya pili? Alitoka 41 akaenda 44, kisha 51, kisha, hamadi, 58! Mwenye 48 ya baadaye alikuwa ameipita kama basi linavyopita steji isiyo na abiria.

Nilitaka kujua kwa nini, nami nikasoma maelezo ya mchezo neno kwa neno. Ile namba ya pili si dari iliyofichwa mahali. Ni makadirio tu ya siku hiyo. Kompyuta hutazama umri na kiwango cha mchezaji, ikakisia, na mwaka unaofuata hukisia upya. Vijana wengi hupanda, wengine husimama, wachache hushuka, na bahati ina mkono wake humo.

Nilipoyasoma hayo nilifikiria mengine. Sisi wa kidato cha tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho, mwaka wa 2023. Mimi nilipata alama 268 kwa 500. Jirani yetu aliposikia alimwambia mama, mbele yangu, kuwa huyu mtafutie kazi ya mkono. Namba ile ilikuwa ya kweli siku ile, sikatai. Nilichokuja kuelewa saiba ni kuwa jirani aliisoma ile ya kwanza kama kwamba ndiyo ya pili. Wako wengi humu shuleni walioambiwa maneno kama hayo, nao wangali wanayatembeza moyoni. Sisemi kila mmoja wetu atafika 58. Hata yule wa 72 hakufika. Nasema mwaka haujaisha.

Kuna jambo jingine ambalo halikunipa usingizi. Timu haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji 15. Chipukizi akiingia, lazima mmoja atoke, na kitufe cha kumwachisha kiko pale pale karibu na jina lake. Unabonyeza, amekwenda. Lakini ukimwachisha mchezaji ambaye mkataba wake haujaisha, mshahara wake unaendelea kuhesabiwa kwenye hazina yako mpaka siku mkataba utakapoisha. Vijana wengi huchukia sheria hiyo. Mimi naipenda.

Mwaka wa 2020, wakati wa korona, baba alipewa barua na kampuni aliyoitumikia miaka 11. Mstari wa kwanza wa barua ulikuwa na namba yake ya kazi, jina lilikuja baadaye. Alilipwa mwezi mmoja, basi. Nilikuwa na miaka 10, lakini barua niliisoma. Jioni moja muhula huu baba alinikuta nikikata jina kwenye daftari, akaniuliza ni nani huyo. Nikamweleza.

“Na huyo uliyemfukuza, analipwa?” akauliza.

“Analipwa, baba, mpaka mkataba wake uishe.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Basi huo mchezo una adabu.”

Tangu siku hiyo, kabla sijabonyeza kile kitufe, naandika jina zima la mchezaji daftarini, na mechi alizotuchezea. Mwenzangu wa saiba hunicheka mpaka mbavu zinamwuma. Ananiambia, “Wee, hao si watu!” Najua. Lakini huenda kesho mmoja wetu akawa meneja wa kweli, wa kiwanda au wa benki, na mkono uliozoea kubonyeza bila kusoma jina hautabadilika siku hiyo.

Je, tumefika wapi? Msimu uliopita tulishinda mechi 46, tukaingia mtoano kwa mara ya kwanza. Tulitolewa raundi ya kwanza, mechi 4 kwa 2, lakini tajiri alitabasamu. Si haba.

Kwa yeyote anayetaka kuanza, nampa matano. Chagua timu unayoweza kuivumilia. Toa ligi yako kama faili kila unapomaliza. Chunga mikataba mirefu ya waliopita miaka 30. Tafuta ufundi unaosaidiana, usikusanye namba kubwa tu. Na zile dakika zako ziwe za kutenda. Kufikiri ni bure, kunafanyika njiani. Walimu wangu msiwe na wasiwasi, ni nusu saa kwa wiki, na asilimia nimezielewa humo kuliko nilivyozielewa kidato cha kwanza.

Yule wa raundi ya pili sasa ana 61. Mkataba wake unaisha mwisho wa msimu huu na anadai pesa ndefu kweli kweli. Nikimlipa, wawili lazima waondoke. Nisipomlipa, atakwenda New York. Majina yote matatu nimeshayaandika daftarini, na leo ni Alhamisi. Kwa sasa wino wangu umekauka. Kwaherini.