Kazi ya Stoo

"Kusomea kazi ya stoo? Hiyo hata soja wa lango anaijua!" Ndivyo baba alivyofoka kaka alipoitwa Nyeri National Polytechnic kusomea ugavi. Kaka alimweleza kwamba tangu 2007 Kenya ina sheria ya kuwasajili wataalamu wa kazi hiyo. Wapi! Nami, wasomaji wapendwa, nilicheka pamoja na baba.

Mama huuza viazi Karatina. (Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mboga zilikaushwa mjini humo zikapelekewa wanajeshi. Huo nao si ugavi?) Likizo ya Agosti viazi vilituozea, na karo yangu ikaoza navyo. Kaka akachora mistari daftarini: vilivyoingia, vilivyotoka, vilivyobaki. Kumbe tulikuwa tukiuza magunia ya jana yaliyokuwa mlangoni, huku ya juzi yakiozea nyuma!

"Cha kwanza kuingia, ndicho cha kwanza kutoka," kaka akasema, akaanza kuyapanga upya.

Baba alinyamaza. Asubuhi nilimkuta ghalani, kalamu sikioni, akihesabu mifuko ya mbolea.