Ngonga mpaka Matema kwa baiskeli, si mchezo!

Nimerudi chuo juzi na mapaja bado yanalia. Likizo nilikuwa nyumbani Ngonga, Kyela, tukajikusanya vijana watano kufanya mazoezi ya triathloni: kuogelea, baiskeli, halafu mbio. Kwenye Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, baiskeli ni kilometa 40. Sisi tukaamua kwenda Matema kwa barabara ya Ipinda, tena na Phoenix za kubebea mpunga, gia hakuna!

Asubuhi raha tupu. Saa tano jua likachachamaa, na upepo wa ziwani ukaanza kutupiga usoni. Wa mbele ndiye anayeupasua, wa nyuma wanapata nafuu, kwa hiyo tukawa tunapokezana.

Shida ikawa kwa dogo wetu wa kidato cha nne. Akiachwa mita kumi tu, ile nafuu inapotea, anazidi kuachwa. "Kaka, nyie tangulieni," akasema. Wawili wakakubali haraka! Mmoja wetu akakataa, akarudi akakaa mbele yake, akamvuta taratibu mpaka akashika kundi. Kuanzia hapo mwendo ukawa wa dogo.

Tulichelewa, ila Matema tulifika watano. Ziwani tulijitupa na nguo zetu. Kukimbia tukaghairi, jamani!

Walimu watarajiwa wenzangu, tukienda kufundisha tukumbuke: anayeachwa nyuma darasani ndiye anayekula upepo mwingi kuliko wote.