Anga Juu ya Shehia

Kaka yangu huu ni mwaka wake wa kumi na tano Muscat, na siku za mapumziko hutoka na wenziwe nje ya mji kurusha droni. Si kazi wala biashara. Wanarusha kama sisi tulivyokuwa tukirusha tiara tukitoka chuoni, tena na wao hugombana vilevile nani amemkatia nani njia. Mwezi wa Shaaban alinipigia simu: "Nikija likizo nije nayo? Hapo Pemba inaruhusiwa kurushwa wapi?"

Swali lake lilikuwa na jambo nyuma yake. Baba ametuachia shamba la mikarafuu Mtambwe, katika zile eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ndugu zetu wawili wanataka kipande kiuzwe. (Kama eka zile zinauzika kisheria ni mjadala mwingine, na si mfupi.) Kaka hakubali wala hakatai. Anasema hawezi kuridhia kuuzwa kitu ambacho ameshasahau sura yake. Nilimpelekea picha za simu: mti, mti, mti mwengine, na ng'ombe wa jirani. Akasema hizo si picha za shamba, hizo ni picha za miti. Anataka kuliona lote kwa mara moja, kutoka juu.

Basi nikaanza kuuliza. Nilidhani iko ramani mahali fulani, imepakwa rangi: hapa rusha, hapa usirushe. Nikaanzia kwa sheha, kwa sababu kwetu kila jambo huanzia kwa sheha, iwe harusi au kesi ya mbuzi.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nna shehia. Mpaka wake naujua, mnazi kwa mnazi. Lakini huko juu kuna wenyewe."

"Nani?"

"Wenyewe."

Nilicheka, lakini nikiwa njiani kurudi nikaona kasema kweli kuliko alivyokusudia. Ardhi si jambo la Muungano. Shamba la Mtambwe ni mambo ya Zanzibar, na anayeliandikisha ni Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar. Usafiri wa anga umo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Katiba ya Jamhuri, na ulinzi pia umo. Kwa hiyo mkarafuu wa baba una serikali moja kwenye mizizi na nyengine kwenye kilele, na mimi nilikuwa nataka kujua ya pili inaanzia urefu gani. Jibu, kwa droni, ni kwamba inaanzia pale inapoacha mkono.

Kanuni zenyewe ni za mwaka 2018, za ndege zisizo na rubani, au ndege nyuki kama zinavyoitwa kwenye matangazo. Nilizipekua nikitafuta orodha ya viwanja vya kuchezea, na orodha hiyo haimo. Zinaanza na mtu na chombo chake. Chombo kisajiliwe. Mwenye chombo awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kwa upande wa usalama Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa iwe imeridhia. Tena kibali kinatangulia chombo. Si kwamba unashuka nacho uwanjani ndani ya begi halafu ndiyo unauliza. Mahali panakuja mwisho, na ni wewe unayepataja. Unasema nataka kurusha pahala fulani, siku fulani, kwa sababu fulani, nao wanakubali au wanakataa. Swali la kaka lilikuwa limekaa kichwa chini miguu juu.

Nilipomweleza alilalamika. "Lakini ni kidude! Gramu 249!" Namba hiyo huandikwa kwenye maboksi kwa sababu Marekani chombo kisichofika gramu 250 kikirushwa kwa kujifurahisha hakihitaji kusajiliwa. Nikamwambia Mtambwe si Marekani, na yeye mwenyewe huko Muscat harushi bila kibali. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi tafuta pahala pazuri pa kuandika kwenye fomu.

Kazi hiyo niliipenda. Nilichukua ramani ya kisiwa ya ukutani, ile ya darasa la tano, nikakaa nayo sakafuni na penseli. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na ukiitazama kwa haraka unaona nafasi tele. Nikaanza kufuta. Uwanja wa ndege uko upande wa Chake Chake, katikati ya kisiwa, na ndege ndogo za abiria hushuka chini juu ya minazi. Hapo na pambizoni mwake hapana mjadala. Vitongoji kuna kambi ya jeshi. Bandari ya Mkoani, bandari ya Wete, nikazifuta. Uwanja wa Gombani siku ya mpira, na mchezo wa ng'ombe popote unapochezwa, ni juu ya vichwa vya watu. Misali ni hifadhi. Msitu wa Ngezi ni hifadhi.

Na Kidike niliifuta hata kabla ya kuulizia ina sheria gani. Pale ndipo wanapolala popo wetu wakubwa, popo wa Pemba ambao hawapatikani kwengine kokote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, kwa kuliwa na kwa kukatiwa miti, na wamerudi kwa sababu wanakijiji waliamua kuwalinda. Mchana wananing'inia usingizini. Atakayepeleka kitu kinachovuma katikati ya miti ile, kiwe na gramu ngapi, mimi simwelewi.

Kilichobaki kwenye ramani ni fungu la pwani maji yakitoka, maweni ya Micheweni yasiyo na nyumba, na shamba la mtu mwenyewe. Yaani letu.

Nikiwa katika kazi hiyo, mwalimu mwenzangu akaniuliza kwa nini najichosha: Pemba si ishapigwa picha yote? Ikanijia. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, wa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Benki ya Dunia nayo imo. Wanafunzi wa chuo walifunzwa kuzirusha zile eBee, bawa jepesi lisilofika kilo moja, unalirusha kwa mkono linakwenda lenyewe mistari kwa mistari kama mtu anayepiga deki. Picha zikawekwa wazi kwenye intaneti. Zanzibar si wageni wa mambo haya: mwaka 2019 huko Cheju, Unguja, droni ya kilimo ilinyunyizia mabonde ya mpunga kimiminika cha kuzuia viluwiluwi vya mbu.

Niliitafuta Mtambwe usiku, intaneti ikiwa nyepesi. Nikalipata bonde, kisha njia ya gari, kisha bati letu lenye kutu upande mmoja. Picha ni kali. Kila mkarafuu una kivuli chake. Uani mlikuwa na majamvi matatu yameanikwa, mawili yamekoza, moja bado lina wekundu. Karafuu. Kando ya jamvi la tatu pana doa jeupe na kivuli kifupi.

Baba alifariki 2018. Alikuwa akivaa kanzu nyeupe hata shambani, na hakuwa akimwachia mtu mwengine kugeuza karafuu. Siwezi kuapa kwamba ni yeye. Nilimpelekea kaka bila kuandika neno. Alijibu alfajiri: "Lakini hiyo ni ya zamani. Bado nataka kuona ya sasa." Dakika chache baadaye akaongeza: "Usiifute."

Jambo moja linanikera, na nitalisema. Siku chombo kile kilipopita juu ya ua wetu, hakuna aliyetubishia hodi. Huenda lilitangazwa redioni, sisi hatukulisikia. Sasa mimi ninayetaka kulitazama shamba la baba yangu naandika barua mpaka ng'ambo ya bahari. Sheria siichukii. Ukiishi Pemba unaielewa hofu yake. Januari 2001, baada ya maandamano na risasi, watu zaidi ya elfu mbili walivuka kukimbilia Shimoni, Kenya. Wengi wao wamerudi, wako hai, na mtu aliyepita hayo hapendi kusikia kitu kinanguruma juu yake asijue ni cha nani. Ningependa tu wenye mradi nao waulizwe maswali ninayoulizwa mimi.

Kwa hiyo, pamoja na fomu, nimepita nyumba saba zinazolizunguka shamba. Hakuna kanuni iliyoniambia nifanye hivyo. Mzee mmoja aliuliza kama itatikisa karafuu mtini. Kijana mmoja alitaka kujua bei. Bi mkubwa wa nyumba ya mwisho, ambaye ua wake ni wa makuti na hauna paa, alinisikiliza huku akichambua makonyo.

"Kinaona ndani?"

"Kinaona, bibi."

"Mimi hukoga uani."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alifikiri. Akasema ruhusa ya kwake naipata, lakini si Ijumaa, na si baada ya alasiri, na nimpelekee mtoto amwambie siku moja kabla. Tena hiyo picha ikitoka, aletewe na yeye. Paa la jiko lake linavuja na hajui pa kuanzia.

Masharti yake nimeyaandika kwenye fomu, katika nafasi ya muda na mahali.