Usimtupie Mtoto Vipande Vyake



Wengi wenu mnanijua kwa mashela. Leo nawapa kisa cha mwanangu wa miaka mitano. Ndoa ilinitoa Unguja ikanileta Mazimbu, Morogoro, na meza yangu ya kukatia ipo sebuleni. Mwanangu akirudi madrasa hukaa chini yake, akiokota vipande na kumvisha mwanasesere wake.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya harusi ya mteja, nilitoka kuanika nguo. Kurudi, mtoto kashika mkasi wangu na ukingo wa shela umekatwa upana wa kiganja! Nilimchapa mkononi, nikatupa vipande vyake vyote. Usiku kucha nikaziba kwa maua ya lesi. Mteja nikamwambia ukweli. Akapunguza shilingi 30,000, haki yake.

Tokea hapo mtoto hakusogea mezani. Nikajidanganya kuwa kashika adabu. Wiki ya pili nikamkuta uani analikunja gazeti marinda.

"Mama, mbona nikilikunja linakuwa dogo? Halimtoshi mtoto wangu."

Nikanyamaza. Hilo mimi nililipia ada ndipo nikalijua: sketi ya marinda yaliyobanana hula kitambaa karibu mara tatu ya kiuno. Yeye kaliona kwa gazeti.

Nikamkumbuka Bibi Aisha (r.a.). Alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza farasi gani huyo ana mbawa, akamjibu kuwa farasi wa Nabii Sulayman walikuwa nazo. Mtume akacheka. Hakumnyang'anya. Mimi nilikuwa nimetupa.

Na hapa Mazimbu kila siku napita kwenye majengo ya wakimbizi wa Afrika Kusini, waliokuwa na shule yao ya Solomon Mahlangu hadi 1992. Watu waliofukuzwa kwao, lakini mbali na sekondari waliweka pia kituo cha watoto wadogo na karakana. Mimi niliye kwenye amani nashindwa kutoa kona ya meza?

Nikamwita mwanangu, nikamwomba radhi kwa vipande, naye akaniomba radhi kwa shela. Sasa ana kikapu chake: mkasi wa ncha butu, magazeti, mabaki ya pamba na lesi, vifungo vikubwa. Sindano na mkasi wangu viko juu ya kabati. Sharti letu ni moja: anakata kilichomo kikapuni tu.

Bibi harusi wangu, In shaa Allah Mola atakuruzuku watoto, na watakuharibia kitu unachokipenda. Ficha mkasi, lakini vipande waachie. Hujui mikono hiyo midogo inajifunza nini.

Wabillahi tawfiq.